Mwenyekiti Hakula Popote

Foleni ya kliniki ya mifugo ilianzia mlangoni ikajikunja mpaka kwenye ngazi. Mbwa walikuwa wakibwekeana, na kuku mmoja kachomoza kichwa kwenye mfuko wa mwenyewe. Katikati alisimama fundi cherehani, gauni lake la kijani limejaa manyoya, kikapu kifuani. Ndani alilala Mwenyekiti, paka wa kijivu aliyepata cheo hicho wakati wa mgomo wa kiwanda cha nguo, maana kila mkutano ulipofanyika chumbani kwa fundi, yeye ndiye aliyekalia kiti cha mbele.

Mwanamume akapita pembeni ya foleni kwenda dirishani. Shati jeupe, limenyooshwa likanyooka. Fundi hakuhitaji kumwona uso. Alikuwa mpiga pasi wa kiwandani, mchumba wake mpaka asubuhi ile, miezi saba iliyopita, alipotia sahihi karatasi ya mwajiri ya kuacha mgomo akarudi kazini, huku fundi na wenzake kumi na mmoja wakitupwa nje kama vipande vya kitambaa kilichobaki.

"Dada, nina paka hana hamu ya kula," alikuwa akimwambia mtoa dawa. "Hamna dawa ya kumtia hamu?"

"Paka yupi?" Sauti ilimtoka fundi kabla hajaizuia.

Akageuka. "Kamanda?"

"Usiniite Kamanda, hilo lilikuwa jina la mgomoni. Paka yupi, Pasi?"

"Si huyo huyo uliyembeba kikapuni!"

Waliishi jengo moja, fundi ghorofa ya tatu, Pasi ya kwanza, na tangu waachane hawakusalimiana hata kwenye ngazi. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyeendelea kuingia kwa wote wawili.

Zamu ya fundi ilipofika, waliingia wote wawili. Daktari, mama mwenye miwani ya kamba, alimpapasa paka mgongo, mifupa mitupu. Akaivuta ngozi, ikachelewa kurudi.

"Ameacha kula lini?"

"Kwangu hali, lakini anashibia kwa huyu," fundi alisema.

"Kwangu?" Pasi alishtuka. "Mpenzi, bakuli langu linalala limejaa. Nilijua anakula kwako."

"Mpenzi wako nani?"

"Basi hakula popote," daktari alisema. "Na maji?"

"Anakunywa sana," wakajibu pamoja.

Daktari akashuku figo. Alichukua damu na mkojo, akamchoma sindano ya kuzuia kichefuchefu, akaagiza chakula laini, kipashwe moto kidogo kitoe harufu, apewe kidogo kidogo bila kulazimishwa. Dawa za binadamu, marufuku. "Na mwambiane kila anachokula. Msikisie tena."

Jioni simu ikalia.

"Kijiko kimoja," Pasi alisema. "Nusu, nisiseme uongo."

"Kwangu kalamba mara nne," fundi alisema. "Wewe je, umekula?"

"Kama Mwenyekiti."

Fundi akacheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka.

Siku ya tatu wakarudi pamoja, majibu yakatoka. Figo zimechoka na hazitarudi zilivyokuwa, ila kwa chakula maalumu na maji ya sindano chini ya ngozi angeweza kuendelea nazo kwa muda. "Mngemleta wiki tatu mapema, ningekuwa na nafasi zaidi," daktari alisema. Hakusema kwa ukali, na hapo ndipo lilipouma.

Nje, fundi alikaa kwenye ngazi, kikapu magotini.

"Nilikuwa namwaga chakula chake kila asubuhi na kuweka bakuli tupu mlangoni," alisema. "Usije ukajua hata paka kanikataa. Hasira yangu ilikuwa kwa mwajiri, Pasi. Alitaka kutugawa, nami nikamsaidia mpaka kwenye bakuli la paka."

"Aliyetia sahihi ni mimi."

"Kwa nini?" Miezi saba, hakuwahi kuuliza.

"Niliogopa. Sina sababu nzuri kuliko hiyo. Jina lako nililiona kwenye orodha ya watakaofukuzwa, na bado nikatia."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Si kwa hili. Akamfuta Mwenyekiti tongotongo kwa ncha ya kidole, taratibu.

"Hamia juu," alisema mwishowe. "Hiyo sindano ya maji inataka watu wawili, mmoja amshike."

"Umenisamehe?"

"Bado. Na kesho tutapita kwa wenzetu wote kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba, uwaambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Watanifungia milango, mpenzi."

"Watakufungia." Alimkabidhi kikapu, akahakikisha amekishika vizuri. "Mimi nitakuwa nimesimama na wewe nje."