Maji ya Shemeji

Maji mapya yalipofika mtaani, nyumba ya msimamizi wa mradi ndiyo iliyoyapata kwanza, na ndiyo pekee ambayo maji yake yalinuka moshi. Si moshi wa kuni. Ni ule mkali wa chuma kinachochomelewa, unaokwaruza koo. Mkewe aliijua harufu hiyo tangu usichana wake. Kaka yake, fundi wa kuchomelea, alikuwa akirudi nayo nyumbani kila siku.

Kaka huyo alikuwa ametoweka. Alifanya kazi kwenye mradi huohuo wa kung'oa mabomba yaliyoliwa na kutu na kulaza mapya, makubwa kiasi cha mtu kutambaa ndani. Tangu siku ya uzinduzi hakuonekana tena. Msimamizi alimwambia mkewe kwamba shemeji kauchoka mji, kaondoka na mwanamke, asihangaike kumtafuta. Mke alilia, kisha akarudi kwenye kazi zake.

Baada ya harufu zikaja sauti. Mchana, akiosha vyombo, alisikia kitu kikigonga ndani ya ukuta, ngo, ngo, kama nyundo juu ya chuma. Akafunga koki. Kugonga kukaendelea. Mumewe alicheka alipoelezwa, akasema ni hewa tu, bomba jipya lina mikogo kama bi harusi. Lakini mke alishaona kwamba maji ya nyumbani mumewe hayanywi. Alikuja na chupa za dukani, na kuoga alioga kazini.

Siku moja mke aliinama kunawa uso, na ndani ya mlio wa maji, chini kabisa, ikatoka sauti ikimwita kwa jina la utani alilopewa na kaka yake, jina ambalo hakuna mwingine aliyepata kulitumia.

"Kidoti. Bado nimo, Kidoti."

Aliruka nyuma, na koki zote za nyumba, ya bafuni, ya chooni, ya uani, zikaanza kujifungua zenyewe moja baada ya nyingine, zikimwaga maji mekundu ya kutu, nayo yakatambaa sakafuni, yakampita bila kumgusa hata kidole, yakaenda moja kwa moja hadi chumbani, yakapanda kitandani na kulowesha upande anaolalia mumewe, upande huo tu.

Msimamizi alipokiona kitanda, hakucheka tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta mganga, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Mganga aliweka kiganja kwenye ukuta wa jikoni.

"Hili si jini la kuokota njiani," alinong'ona. "Ni mtu wenu. Anamtaka aliyemfungulia maji."

Mke akamgeukia mumewe. Mume akaanza kukana, ukuta ukagonga, na maneno yakamtoka yenyewe: kwamba wakubwa walikuwa wameshafika uzinduzini, kwamba kiungo kimoja kilikuwa kinavuja na shemeji akaingia kukichomelea, kwamba alimsikia akigonga kuomba wamsubiri kidogo, naye akaamuru maji yafunguliwe. Baadaye akautoa mwili, akaufukia mtaroni, chini ya mabomba ya zamani yaliyong'olewa.

"Ningefanyaje, mke wangu?" alisema. "Watu walikuwa wanasubiri."

Mganga akasema njia ipo. Mtu wa damu yake ashike koki na kumwambia aende. Akiambiwa na dada yake, ataondoka wala hatarudi.

Mke akasogea, akashika koki. Nyuma yake mumewe alikuwa amepiga magoti, akimbembeleza kwa majina ya tangu uchumba wao. Hakumtazama.

"Kaka," alisema polepole, "ingia. Yupo hapa."

Kisha akamshika mganga mkono, wakatoka nje, akafunga mlango kwa ufunguo. Mganga hakumzuia.

Majirani waliovunja mlango jioni ile walikuta sakafu kavu, vyombo vimepangwa, na msimamizi ameketi kitini, nguo zake kavu na nywele zake kavu, amekufa maji.