Sabufa za Kwenye Buti

Redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari, na taarifa ya habari haina ngoma. Ndiyo maana mke wa Besi alinyanyua mguu kwenye cherehani akasikiliza. Msomaji alikuwa akizungumzia mvua kwa sauti yake ileile ya mtu aliyeshiba, lakini chini ya sauti hiyo, ndani ya boksi jipya lililowekwa pembeni ya kabati la vyombo, kitu kiligonga. Du. Kikanyamaza. Du, du.

"Nyaya hizo," alijisemea, akarudi kwenye gauni la mteja.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na mtaa mzima ulimwita Besi kwa sababu muziki usiotikisa vioo vya madirisha kwake haukuwa muziki. Siku chache nyuma mdogo wake, dereva, alikuja na boksi lenye sabufa mbili alilolitoa kwenye buti la gari lake.

"Chukua wewe, kaka. Mimi kelele zimenichosha," alisema, akalitua sakafuni haraka kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Chai aliyomiminiwa na shemeji yake aliiacha mezani.

Besi hakumuuliza tangu lini kelele zikamchosha kijana aliyekuwa akisikika kabla hajaonekana. Alikuwa akizimezea mate zile sabufa tangu zamani. Na kwa kuwa sabufa za gari hazitumii umeme wa ukutani, alifungua kompyuta iliyokufa, akachomoa pawa saplai yake, ile inayotoa volti kumi na mbili kama betri ya gari. Hiyo akaiunga na amplifaya, amplifaya akaiunga na stereo ya sebuleni, akaviringisha utepe mweusi kwenye nyaya, akabonyeza. Vikombe vikaanza kutembea kabatini.

"Ukizidisha, mume wangu, huo ukuta utaaga uende ukapange kwingine," mkewe alimwambia, wakacheka mpaka machozi.

Sasa mlio huo wa kugonga ulikuja kila siku, mume akiwa kazini na mke akiwa peke yake na vitambaa vya watu. Haukufuata mdundo wowote. Ulikuwa kama wa mtu anayepiga bati kwa kiganja, anapumzika kutafuta pumzi, anapiga tena kwa haraka zaidi. Halafu ikaja harufu. Kwanza alidhani jirani anachoma taka, lakini madirisha alipoyafunga harufu ilizidi: moshi wa eksozi, mpira ulioungua, na chini yake kitu kibichi, kama chuma kilicholowa.

Siku hiyo alichomoa plagi ukutani. Akaishika mkononi kabisa, aione kwa macho yake kwamba imetoka. Boksi likagonga. Akapiga magoti mbele yake, akaona ule utando mweusi wa sabufa ya kushoto ukisukumwa polepole kutoka ndani, ukivimba, ukivimba, hadi juu yake zikajichora alama za vidole vitano vilivyotanuliwa, vidole vyembamba vya mwanamke, vikabaki hapo kama vinavyomngoja aseme neno, kisha vikarudi ndani taratibu kama mkono unaozama kwenye tope.

Jioni alimsimulia mumewe kwa kunong'ona, ingawa walikuwa wawili tu nyumbani.

"Usiongee habari hiyo," Besi alisema.

"Kwa nini tunanong'ona, basi?"

Alivua shati aoge, na mkewe akaona kifuani mwake alama nyeusi ya kiganja, imevilia damu. Juu yake kulikuwa na nyingine, mbichi zaidi.

Walilitoa boksi nje, wakaliegemeza kwenye ukuta wa choo. Haikusaidia kitu. Mlio ulihamia kabatini, ukahamia kwenye ndoo za maji, ukaingia kwenye karakana ya Besi mchana kweupe na kugonga geti alilokuwa akilichomelea mpaka fimbo ya kuchomelea ikamtoka mkononi. Akarudi nyumbani akitembea kama mzee, akalala kwenye kochi. Mkewe alipomwekea sikio kifuani aliusikia ule mlio mle ndani, du, du, dudu, akataka kujipa moyo kwamba ni mapigo tu ya mtu mwenye hofu, lakini alipozidi kukaza sikio akausikia na moyo wa mumewe, mdogo, umejibanza pembeni, ukipiga kwa zamu yake.

Hapo akaenda kumwita mganga.

Watu walimwita Mama Ubani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na asiye na subira, aliyeingia huku akiulizia kiti chenye mgongo kwa sababu kiuno kilikuwa kikimsumbua. Aliamuru boksi lirudishwe sebuleni. Akachoma ubani, akanyunyiza maji, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini, halafu akainama kama anayeongea na mtoto mlangoni.

"Unataka nini hapa?"

Boksi likajibu. Sauti ilikuwa nzito mno, ya chini kuliko koo la mtu, ikawaingilia kupitia nyayo.

"Simamisha."

Mama Ubani alivua miwani akaifuta kwenye kanga yake.

"Hili boksi limetoka kwa nani?"

"Kwa shemeji yangu," mke alisema.

"Mwite."

"Usimpigie!" Besi alijaribu kuinuka kwenye kochi. "Mke wangu, nakuomba. Mwache mdogo wangu."

Mke alimtazama mumewe, midomo yake imepauka, alama zimempanda mpaka shingoni. Akapiga simu. Alimdanganya shemeji yake kwamba kaka yake anakata roho, na hakuwa na hakika kama ni uongo.

Dereva alifika kabla adhuhuri haijapoa. Alipoliona boksi katikati ya sebule alitaka kurudi nyuma, lakini mlango ulijibamiza wenyewe.

"Kaa hapo, kijana," Mama Ubani alisema. "Sema ulichomfanyia."

"Nani?"

Du, boksi likasema. Du. Dudu. Dudududu. Kioo cha dirisha kikapasuka toka kona hadi kona. Yule kijana akaanguka magoti, akasema yote kwa mkupuo, maneno yakikanyagana, kwamba ilikuwa alfajiri, wametoka kwenye sherehe, amesimamisha gari pembeni ya barabara na alipotaka kuondoka akarudi nyuma, na nyuma kulikuwa na mwanamke mfagia barabara ameinama anazoa taka, yeye hakumwona, gari likambana kwenye nguzo, na yule mwanamke akawa anapiga buti kwa kiganja, anapiga, anapiga, na sabufa ziko hapohapo upande wa pili wa bati, na muziki umefunguliwa hadi mwisho.

"Nilidhani ni besi," alilia. "Haki ya Mungu, nilidhani ni besi, nikazidi kukanyaga mafuta."

Mke wa Besi alijishika mdomo. Habari za kifo cha yule mfagiaji mtaa mzima ulizisikia. Aliyemgonga hakujulikana.

"Halafu mkaondoka," Mama Ubani alisema.

"Tukaondoka."

"Tukaondoka wewe na nani?"

Kijana alinyanyua uso wenye kamasi, akanyoosha kidole kwenye kochi.

"Kaka aliusikia ule mlio kabla yangu. Akaniambia, sikiliza, zinagonga vizuri hizo. Akaongeza sauti. Na tulipoona tulichofanya, yeye ndiye aliyesema twende."

Boksi likanyamaza, kama nalo linasubiri. Mke alimgeukia mumewe. Besi alikuwa akitazama dari.

Mama Ubani alianza kukusanya vitu vyake.

"Mtu akifa amekwenda," alisema. "Lakini kila mtu ana jini aliyezaliwa naye, wamekua pamoja, wamechoka pamoja. Huyu amebaki bila mwenzake. Nilidhani amekosea mlango, kumbe hakukosea. Jini asiye na haki namfukuza. Huyu anayo, kwa hiyo ninachoweza ni kumwomba awape muda. Nendeni polisi, nendeni kwa jamaa zake, mkaseme kama mlivyosema hapa. Jua lisizame."

"Nakwenda sasa hivi," dereva alisema. Mlango ulikubali kufunguka, akatoka mbio.

Kituo cha polisi kilikuwa kushoto. Yeye alikata kulia, kwenye barabara inayotoka nje ya mji.

Hakufika mbali. Waliomwona walisema alisimama karibu na ukuta wa ghala moja, akashuka, akazunguka nyuma ya gari kama mtu aliyesikia kitu kwenye buti. Eneo hilo ni tambarare. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Gari lilirudi nyuma polepole bila mtu kwenye usukani, likambana ukutani, likaendelea kusukuma. Mafundi wa gereji ya jirani walisikia bati likipigwa kwa muda mrefu sana, ila hakuna aliyetoka kutazama, kwa sababu walidhani ni mtu anajaribu spika zake.

Walipomzika, Besi alirudi nyumbani akaketi wima kwenye kochi kwa mara ya kwanza.

"Limeshapata lake," alisema. "Limemalizana na sisi."

"Na wewe je?"

"Mimi sikushika usukani."

Mkewe alisubiri aongeze neno. Alipoona hana, alifunga cherehani yake kwenye shuka, akaita mtu wa mkokoteni, akahamia kwa dada yake.

Alirudi baadaye kuchukua vitambaa vya wateja. Jua lilikuwa la utosi. Majirani walikuwa wamejaa nje wakilaani muziki, na kweli vioo vilivyobaki vilikuwa vikitetemeka na vumbi likidondoka kwenye mabati, lakini alipochungulia dirishani aliona nyaya za stereo zimekatwa zote, zimelala sakafuni kama matumbo, na Besi katikati yake amepiga magoti, viganja masikioni, mdomo wazi, akipiga ukelele ambao hakuna aliyeusikia kwa sababu boksi lilikuwa likigonga bila kutafuta pumzi, likigonga kama watu mia waliobanwa kwenye nguzo mia, na ukuta nyuma yake ulikuwa ukisogea, ukisogea kuelekea mgongo wake.

Mke alivunja kitasa kwa jiwe. Alimfikia, akambandua kiganja kimoja, akaweka mdomo sikioni mwake.

"Mwambie unakwenda!"

"Nakwenda!" Besi alipiga kelele. "Ni mimi niliyeongeza sauti! Nakwenda kusema!"

Boksi likakata. Kwenye ule ukimya mpya, majirani walisikia kitu chepesi kikivuka sebule, shaa, shaa, kama ufagio, hadi mlangoni. Kikasimama hapo kumngoja.

Alitembea mwenyewe mpaka kituoni. Alimwambia askari wa zamu kila kitu, akipayuka, mpaka askari akamwambia hana haja ya kupiga kelele, wamekaa meza moja.

Sasa yuko gerezani. Alama za kifuani zimefutika, na mkewe humtembelea akipata nafasi, ingawa hajui kama ni kwa upendo au ni kwa kuhakikisha bado yumo. Wanakaa wakitazamana kwenye chumba kisicho na redio wala simu, ukuta mtupu na benchi. Kuna siku mbu akipita unamsikia. Besi anaongea kwa sauti ya juu kabisa, mishipa imemtoka shingoni, na kila baada ya maneno machache anasita, anawageukia askari wa mlangoni, anafumbata mikono.

"Jamani," anawaomba, machozi yakimtoka. "Nawaomba. Punguzeni sauti."