Ngoma Alizopanga Ornella

Kila Alhamisi baada ya shule, Ornella na Tazio walikutana kwenye stoo ya babake Ornella mjini Genova, Italia, kufanya mazoezi. Ornella alipiga gitaa, Tazio alipiga ngoma. Muziki wao ulikuwa roki ndefu isiyo na uimbaji, yenye mapigo yanayobadilika kila mara. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Wee, unalala?" Ornella aliuliza. "Hapo ni mapigo saba, si manane!"

"Lako lenyewe hilo gitaa linakoroma," Tazio alijibu, wakacheka.

Lakini sehemu ile ya mapigo saba ilimshinda Tazio. Walirekodi mara tisa, na kila mara alipotea katikati. Chama cha wasikilizaji wa roki kilikuwa kimeahidi kupiga rekodi ya wimbo wao Jumamosi kwenye ukumbi wake na kutoa maoni. Ijumaa, akiwa peke yake, Ornella aliziondoa ngoma za Tazio kwenye rekodi ya tisa, akapanga nyingine kwenye kompyuta. Hazikukosea hata pigo moja. Kwenye karatasi ya wimbo akaandika: "Ngoma: Tazio Bruzzone." Hakumwambia mtu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Tazio alikuja na bibi yake, Ines, aliyevaa koti lake la kwenda kanisani. Wimbo ulipoanza, Tazio alitabasamu. Kisha tabasamu likamtoka polepole, akageuka kumtazama Ornella. Ornella alitazama viatu vyake.

Wimbo ulipokwisha, mzee Parodi, mwenyekiti wa chama, alisimama. "Gitaa zuri. Lakini ngoma hizi ni za kompyuta. Hazipumui."

"Na zikiwa za kompyuta, kuna ubaya gani?" mama mmoja alidakia. "Wangapi hawana mpiga ngoma? Mimi zimenifurahisha."

"Ubaya hauko kwenye kompyuta, mama," mzee Parodi alijibu, akainua karatasi ya wimbo. "Hapa pameandikwa jina la mtu. Tazio ni nani?" Tazio akainua mkono. "Mwanangu, ni wewe uliyepiga?"

Watu wote wakamgeukia. Tazio alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Akamtazama rafiki yake mara moja tu, akasema, "Ndiyo, ni mimi."

"Basi panda jukwaani utupigie hapo penye saba."

Ornella alijua alipaswa kusimama wakati ule. Akabaki kitini. Tazio alipanda, akakaa nyuma ya ngoma za ukumbi, akashika fimbo, akaanza. Pigo la tano likamponyoka, la sita likafuata. Nyuma ya ukumbi mtu alicheka. Tazio akaziweka chini fimbo hizo taratibu, kana kwamba zingevunjika.

"Ni mimi!" Ornella akapaza sauti. "Nilizipanga mimi! Yeye hakujua!"

Tazio alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Jumatatu Ornella alimngoja langoni mwa shule. "Nisamehe, Tazio."

"Nimekusamehe. Ila sipigi tena na wewe."

"Hata Alhamisi moja?"

"Mimi nilisema uongo kwa ajili yako, Orne. Wewe ukaniacha nipande." Akaingia darasani.

Ornella aliwaandikia wanachama wote kueleza alichofanya, akawapelekea mojawapo ya zile rekodi nyingine, yenye ngoma za Tazio mwenyewe. Waliisikiliza Jumamosi iliyofuata. Mzee Parodi akasema, "Kijana anapotea, ndiyo, lakini sikieni anavyorudi." Watu wakapiga makofi. Tazio hakuwepo. Bibi Ines alikuja peke yake.

Ornella alimfuata nje huku machozi yakimtoka. "Bibi, niliogopa kumwambia kwamba hajaweza. Sikutaka kumuumiza."

Bibi Ines alimfuta uso kwa leso yake.

"Mjukuu wangu namjua. Ungemwambia, angenuna siku mbili, na ya tatu angeanza mazoezi. Ukweli ungemuuma siku mbili tu, mwanangu. Wewe ulimwonea huruma ya uongo, na uchungu wake sijui utakwisha lini. Ukimpenda mtu, mwambie kweli mapema, wakati bado anaweza kuifanyia kazi."

Tangu siku hiyo, kila wimbo wa Ornella huandikwa hivi: "Gitaa: Ornella. Ngoma: kompyuta." Wasikilizaji wengine huzisifu, wengine huziponda. Yeye husoma maoni yao yote, na Alhamisi hufanya mazoezi peke yake.