Hatua ya Nne

Haya kanihadithia Rahila mwenyewe, Shaabani ya mwaka 2008, tukichambua mchele kwangu Bawshar.

Alikutana na Harub mtaani Ruwi, katika duka la kompyuta lililojaa watu. Rahila kavaa abaya yenye taraza ya uzi wa zambarau, kompyuta kaikumbatia kama mtoto. Ilikuwa na programu ya daftari, naye akiulizia plagini, yale makorokoro madogo yanayobandikwa juu ya programu ili ifanye kazi zaidi. Muuzaji hakuwa na nafasi. Harub, muuza magari wa Wattaya, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, akageuka.

"Ushawahi kubandika hata moja?"

"Ningewahi, ningekuja kusukumwa hapa?"

Akamwandikia hatua nne nyuma ya kadi yake. Pakua. Fungua furushi. Tia ndani ya folda ya plagini. Funga programu, kisha ifungue tena. Kwa plagini hiyo watu wawili huandika daftari moja, kila mtu na kwake.

Wakawa wanapigiana simu kila adhuhuri, maduka yakifungwa. Rahila alikuwa peke yake Mabela, nyumba mpya ya vyumba sita, majirani hawajahamia, mamake kafa, kakake Aflah yuko Sohar. Akipika kikombe kimoja cha mchele, bado kinabaki. Mwezi wa pili wa simu hizo, Harub akamwambia:

"Nna neno, roho yangu, mdomo hauliwezi. Ntaliandika daftarini. Sitokupigia, nisikubane. Ukinyamaza hadi mwisho wa mwezi, ntajua hutaki, ntakubali kazi niliyoitiwa Salala, kusini kule."

Siku ile ile Rahila akafuata hatua tatu. Ya nne ikamshinda. Daftarini mlikuwa na maneno ya mamake, aliyomtajia kitandani: mapishi, dua, majina ya jamaa waliobaki Unguja. Aliwahi kuifunga programu kwa haraka, kurasa tatu zikapotea. Tangu hapo hakuifunga. Akadhani tatu zatosha.

Akangoja. Wiki, ya pili, ya tatu. Ukurasa mweupe. Kumpigia hakuweza, mwanamke hamuulizi mwanamume posa yake iko wapi. Akasema moyoni, kanichezea. Akaazimia kuing'oa plagini, na kung'oa nako kwataka programu ifungwe. Basi akanunua daftari la shule, akanakili maneno ya mamake yote kwa kalamu, siku nne, vidole vikamvimba. Siku ya tano, baada ya sala ya adhuhuri, akafunga. Akafungua, mkono kwenye kitufe cha kufutia.

Maneno ya mama yote yapo. Pembeni kumeota jina: Harub. Kurasa ishirini na tano. Ya kwanza, posa. Ya kumi, kichekesho cha mteja aliyetaka gari ya rangi ya halua. Ya mwisho, ya asubuhi ile: Nimefahamu. Naondoka.

Akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Harub kulikuwa na upepo wa jangwa.

"Uko wapi?"

"Nimepita mji wa Adam, njia ya Salala. Kumbe wanijua bado?"

"Sikuifunga programu, Harub. Niliogopa. Nimesoma sasa hivi."



"Hatua ya nne, Rahila? Na niliipigia mstari."

"Nicheke au nilie?"

"Mie nshalia, zamu yako. Kazi nshatia saini, mwaka mzima."

"Ntakungoja mwaka. Mamako na aje kwa kaka Aflah Ijumaa, na posa."

Akaahidi. Simu ikakatika, mtandao umeisha. Nyumba ikarudia ukimya wake, vyumba sita, kiyoyozi kikinguruma. Rahila akaandika neno moja, Nimekubali, chini ya ule ukurasa wa mwisho. Akaifunga programu kwa mkono wake, akajilaza upande wa kitanda aliokuwa akilala mamake, na usingizi wa mchana ukamchukua.