Dagaa Kwenye Mawimbi ya Ubongo

Kila Jumamosi Jovina alikuwa na kazi tatu: kuteka maji bombani, kufagia uwanja, na kuchambua dagaa wa ziwani kutoka Kasanga ambao mama yake alikuwa akiwauza sokoni. Kuchambua ni kutoa mchanga na takataka. Si kula. Mama alishalisema hilo mpaka akachoka, lakini dagaa mkavu ni mtamu, na mdomo wa Jovina haukujua kusubiri.

Jumamosi hii alimaliza kazi mapema, mikono ikiwa bado imekufa ganzi kwa baridi ya mtaa wao wa Katandala. Mama yake mdogo, Coleta, alikuwa nyumbani kwa likizo. Alikuwa akisomea kompyuta chuoni Dodoma. Jumatatu Coleta angekwenda shuleni kwa kina Jovina kwenye maonyesho ya sayansi, na mawimbi ya ubongo, yaani umeme wa ubongo uliochorwa kwa mistari, ambayo shule nzima ingeyaona yangekuwa ya Jovina! Wiki nzima hakuwa na habari nyingine mdomoni.

"Ubongo una umeme?" aliuliza Loth, mtoto wa jirani ambaye Jovina alikuwa akisoma naye darasa la sita. "Basi tumuunganishe Jovina na taa ya sebuleni."

"Ni umeme mdogo mno, hauwashi taa yoyote," Coleta alicheka. Alimvalisha Jovina mkanda wenye vipande vidogo vya chuma vilivyogusa ngozi ya kichwa. "Utakaa dakika mbili. Usiongee, usijitikise, usitafune chochote. Kuna kitu mdomoni?"

Jovina alitikisa kichwa kukataa. Dagaa watatu walikuwa wamejificha shavuni.

Dakika ya kwanza alivumilia. Ya pili, taratibu, akatafuna.

Coleta alipomvua mkanda, alifungua daftari lake. Halikuwa la karatasi. Lilikuwa ndani ya kompyuta: unaandika amri kwenye kisanduku, unabonyeza, na picha inajichora papo hapo chini ya amri yako. Mistari minane ikatokea, mmoja kwa kila kipande cha chuma, ikitiririka kutoka kushoto kwenda kulia, sekunde kwa sekunde.

"Huyo ni mimi?" Jovina alipiga kelele.

"Ni wewe. Gusa hapa, vuta."

Jovina alivuta kwa kidole na sekunde moja ikatanuka ikajaza kioo chote. Akavuta tena. Akaona vilima viwili.

"Hapo ulipepesa macho," Coleta alisema.

"Mama! Njoo uone nilivyopepesa macho!"

Mama alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Wakati huohuo Coleta alisogeza picha hadi dakika ya pili, akainamia kioo. Mistari ilikuwa imechafuka, miiba mitupu, inapanda na kushuka kama imepagawa.

"Hii ni nini?" Mama aliuliza.

"Sijui, dada. Mimi ni mtu wa kompyuta, si daktari. Lakini sijawahi kuona hivi. Heri akaonwe na wataalamu wa hospitali, Mbeya."

"Labda ana kifafa," Loth alisema akicheka.

"Kifafa ni ugonjwa, kina dawa, na hakichekwi," Mama alimkata. "Nyamaza." Kisha akachukua simu awapigie wakata tiketi. "Jumatatu alfajiri tunapanda basi."

Jumatatu! Maonyesho yangempita. Lakini alipomtazama Mama, akasahau maonyesho. Mama, ambaye hakuogopa nyoka wala mgambo wa sokoni, alikuwa anabonyeza namba na kukosea.

"Mama, usipige," Jovina alisema. "Si ugonjwa. Nilikuwa natafuna dagaa."

Mama aliweka simu mezani.

"Unasema hivyo ili usiende hospitali?" Coleta aliuliza. "Basi tupime upya."

Walipima. Nusu dakika Jovina alitulia tuli. Nusu dakika nyingine alitafuna dagaa mbele ya mwenye dagaa, na hakuwahi kula dagaa mchungu kama yule. Coleta alibonyeza. Mistari ikaja: kwanza shwari, halafu miiba! Ileile!

"Ni misuli ya taya!" Coleta aliruka akamkumbatia. "Nayo ina umeme, inafunika mawimbi ya ubongo! Jovina, hii picha inaingia kwenye maonyesho!"

"Na mimi nipime nikitafuna!" Loth alidakia.

"Utatafuna vya kwenu," Mama alisema.

Jumatatu Jovina alisimama mbele ya shule nzima, akavuta mistari kwa kidole, na akaeleza kila kitu, uongo wake ukiwemo. Wanafunzi walicheka, kisha wakapanga foleni ndefu kuvaa mkanda.

Wakirudi nyumbani Mama, aliyekuwa amekuja kutazama maonyesho, alitembea haraka kama kawaida yake.

"Dagaa watatu nisingewalilia," alisema. "Lakini ulimwambia mpimaji uongo, na mpimaji akaona ugonjwa usiokuwepo. Siku nyingine anaweza asione uliopo. Anayekupima, awe daktari au Coleta, mwambie kweli yote, hata ile ya aibu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Vizuri. Na mwezi huu dagaa utawachambua ukiwa unaimba. Kwa sauti. Nikisikia umenyamaza, nakuja."