Farasi Aliyeogopa Karoti

Kwaru, kwaru. Kijiko kilikuwa kikikwangua sufuria gizani. Chiriku alifumbua macho, akatega sikio. Taa ya jikoni ilikuwa haijawashwa bado, lakini alijua ni mama. Alikuwa anakoroga pumba za ngano kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, asije akawaamsha watoto. Hicho hakikuwa chakula cha watu. Kilikuwa uji wa farasi.

Chiriku halikuwa jina lake hasa. Alipachikwa hilo kwa sababu alizungumza tangu anapoamka mpaka anapolala, na mdogo wake aliapa kwamba hata usingizini haachi. Mdogo wake mwenyewe aliitwa Babu, kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na alipocheka ungedhani ni mzee wa miaka tisini. Farasi wao aliitwa Waziri. Jina hilo alilipata barabarani, kwa jinsi alivyotembea kifua mbele, kana kwamba dunia nzima imsimamie pembeni apite.

Kwa miaka mingi Waziri alivuta gari la baba lililojaa madumu ya maziwa, kutoka kiwandani hadi madukani. Siku hizi gari lilikuwa limeegeshwa uani, na baba alisukuma mkokoteni mwenyewe, akirudi jioni mgongo umempinda. Waziri alikuwa hali. Au tuseme, alijaribu kula akashindwa. Alichukua majani, akayazungusha mdomoni, kisha akayatema chini yakiwa mabonge yaliyolowa mate. Mbavu zilianza kuonekana. Mdomo ulitoa harufu mbaya.

"Shikamoo mama," Chiriku alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeamka mapema? Haya, shika ndoo hii. Leo Daktari anakuja."

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti kubwa. Alisimama uani, akamtazama Waziri kwa muda bila kumsogelea. Baba, aliyejiona mjuzi, alichomoa karoti mfukoni.

"Usihofu, Daktari. Huyu mimi namjua. Ngoja nimvute."

Waziri alipoiona ile karoti, macho yalimtoka pima. Alirudi nyuma, akagonga ukuta kwa kishindo, akakimbilia kona ya mbali ya banda akihema.

"Hee!" Daktari alishangaa. "Farasi anakimbia karoti?"

Baba alijikuna kichwa. "Ana mambo yake huyu."

"Si mambo yake!" Chiriku alidakia, maana mdomo wake haukuwa na pazia. "Baba humpa karoti mbele, halafu sindano inatokea nyuma!"

"Wewe mtoto!" mama alimkemea, lakini Daktari alicheka.

"Basi hana mambo. Ana kumbukumbu. Hata wewe nikikupa pipi halafu nikufinye, kila mara, mwishowe utaikimbia pipi."

"Mimi nitaila tu," alisema Babu, na wote wakacheka, hata baba.

Kisha Daktari akaacha kucheka. Alieleza kwamba meno ya farasi huendelea kuchomoza kwenye fizi maisha yake yote, na yasipolika sawasawa kingo zake huwa kali kama kigae cha glasi. Kila Waziri alipotafuna, alijikata mashavu kwa ndani. Ilibidi meno hayo yasuguliwe kwa tupa, na kabla ya hapo achomwe sindano ya kumtuliza.

"Nikilazimisha leo, ataumia yeye au tutaumia sisi," alisema. "Lakini tusipofanya kabisa, atazidi kukonda hadi aanguke. Nani anaelewana naye hapa nyumbani?"

Wote walimtazama Chiriku.

Daktari alimpa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, la plastiki tupu. Akamwonyesha la kufanya. "Mwonyeshe. Mwache anuse mpaka achoke. Mguse shingoni, bana ngozi kidogo, gandamiza bomba hapo, kisha uachie kabla hajakasirika. Akitaka kuondoka, aondoke. Usifiche kitu mgongoni hata mara moja. Na ifanyike kila siku, binti. Kila siku. Nitarudi mwezi ujao."

Mwanzoni Chiriku alichapa kazi kweli. Akitoka shule hakupita popote. Alikaa bandani akimsimulia Waziri habari za darasani, nani kapigana na nani, nani kasinzia kwenye hesabu, huku bomba likiwa wazi kiganjani. Siku ya kwanza Waziri hakutaka hata kumkaribia. Baada ya siku chache alinusa bomba. Halafu akakubali kuguswa shingo. Chiriku alirukaruka uani kwa furaha mpaka Babu akamuuliza kama amekanyaga siafu.

Kisha shule ikatangaza mashindano ya netiboli.

"Chiriku, unakuja mazoezini au unakwenda kumbembeleza mumeo Waziri?" aliuliza Mrefu, nahodha wa timu, na wasichana wakaangua kicheko.

"Nakuja," alijibu haraka.

Alisema moyoni kwamba ni siku moja tu. Siku moja ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa wiki. Jioni baba alikuwa bado madukani na mkokoteni wake, na mama alikuwa akihudhuria masomo ya watu wazima, kwa hiyo hakuna aliyeona. Mama aliporudi, daftari kwapani, aliuliza jambo moja tu.

"Umemfanyisha Waziri zoezi lake?"

"Ndiyo, mama."

Mama alimtazama kidogo. Kwa kawaida Chiriku angeeleza mpaka chai ipoe. Lakini mama alikuwa amechoka, akampapasa kichwa, akaenda kulala.

Daktari aliporudi, alimwita Chiriku pembeni. "Niambie, yuko tayari?"

Chiriku alitazama buti za Daktari. Baba alikuwa ameacha kazi asubuhi ile ili awepo. Mama alikuwa amevaa kitenge kizuri, kana kwamba kuna mgeni wa harusi. Wote walikuwa wakisubiri.

"Yuko tayari," alisema.

Kila kitu kilitokea haraka. Daktari alipobana ngozi ya shingo, Waziri alitetemeka mwili mzima. Sindano ilipomgusa, alinyanyuka kwa miguu ya nyuma, kamba ikamponyoka baba, na alipotua akambana baba ukutani kwa ubavu wake. Sindano iliruka ikaanguka kwenye majani makavu. Mama alipiga yowe.

Baba alitoka akiwa ameshika bega, uso umempauka. Halikuvunjika, Daktari alisema baada ya kulikagua, lakini asingesukuma mkokoteni siku kadhaa.

"Basi," baba alisema, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtisha Chiriku zaidi. "Nimefika mwisho. Mtoto kahangaika naye mwezi mzima, na shukrani yake ni hii. Kesho namwita yule mnunuzi wa wanyama waliochoka."

Chiriku alijua wanyama wanaokwenda na mnunuzi yule hawarudi. Alimtazama Waziri. Farasi alisimama kona, mate yenye damu yakimdondoka, akitetemeka kama mtoto aliyepigwa kwa kosa la mwenzake.

Neno lilikuwa pale pale, lakini yeye aliyezoea kusema bila kuhema alishindwa kulitoa.

"Baba..."

"Nini?"

"Si kosa lake. Mimi niliacha zoezi. Nilikuwa nakwenda netiboli. Nilimdanganya mama, na leo nimemdanganya Daktari." Machozi yakaanza kumtiririka. "Usimuuze, baba. Kosa ni langu."

Babu alimshika dada yake mkono. Mama alikuwa ameketi kizingitini, ameinamisha kichwa.

"Niliona," mama alisema hatimaye. "Niliona umekuwa mkimya, nikajidai sijaona. Lakini umeniumiza, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

Baba alilishika bega lake, akavuta pumzi ndefu. "Ningemuuza bure," alisema polepole, kama mtu anayejisemea. "Ningemuuza, na yeye hana mdomo wa kujitetea."

Daktari alifunga mkoba wake. "Ana nguvu za kungoja kidogo, mkiendelea kumpa uji. Anzeni upya. Na safari hii, mwenye nyumba, na wewe uingie darasani."

"Mimi?" baba aliuliza.

"Wewe ndiye mwenye karoti."

Wakaanza upya, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu Waziri alikuwa amepata jambo jingine la kukumbuka. Jioni ya kwanza Chiriku aliishia kukaa tu bandani, bomba wazi kiganjani, bila kufanya lolote. Alimweleza Mrefu ukweli pia. Alitegemea kuchekwa, lakini Mrefu alisema, "Si ungesema tu? Tungefanya mazoezi asubuhi." Ikawa hivyo, na mara nyingine Mrefu alikuja mwenyewe kuchungulia juu ya ukuta bila hata kupanda kitu.

Baba naye aliingia bandani kila jioni, mkono mmoja umefungwa kitambaa, mwingine mtupu na wazi. "Haya Waziri, ndugu yangu, mikono hii hapa. Hakuna karoti, hakuna hila," alisema, na Babu alijiviringisha chini kwa kucheka. Lakini siku moja Waziri alinyoosha shingo, akakinusa kile kiganja kitupu, na baba akafuta macho akisingizia vumbi.

Walimzoesha na mdomo pia. Chiriku alimwinua mdomo wa juu, akaachia. Alipitisha kidole pembeni, pale pasipo na meno, akaachia. Akamgusisha kijiko baridi cha chuma, ili chuma kisije kuwa kitu kigeni. Siku nyingine Waziri alikataa kila kitu, na mama alipouliza, Chiriku alijibu, "Leo amekataa," na mama akasema, "Sawa. Kesho basi."

Daktari alirudi. Safari hii hapakuwa na kitenge kizuri.

"Niambie, binti."

Chiriku alivuta pumzi. "Shingo upande wa kulia anakubali. Upande wa kushoto bado anatetemeka. Na kuinuliwa kichwa hapendi, bora akiinamisha mwenyewe."

"Hilo ndilo jibu ninaloweza kulifanyia kazi," alisema Daktari, akahamia upande wa kulia.

Alimwonyesha Waziri sindano. Waziri alinusa. Daktari alimgusa shingo, akabana ngozi, na Chiriku akaanza kusimulia habari za darasani kwa sauti yake ya siku zote. Sikio moja la Waziri lilimgeukia. Ngozi ya shingo ilicheza kidogo, mara moja, kama inayofukuza nzi. Sindano ilikuwa imeshaingia na kutoka.

Baada ya muda kichwa cha Waziri kilianza kushuka, kope zikawa nzito. Daktari alimtia chuma cha kuushikilia mdomo wazi, akavaa taa kwenye paji la uso, akaanza kazi. Tupa ilikwaruza, krii, krii, hata baba akasaga meno yake mwenyewe. Kingo kali zilipukutika kama unga mweupe. Mwishowe Daktari alipitisha kidole mle ndani, akatabasamu.

"Laini. Asipewe chochote mpaka azinduke kabisa."

Walikaa uani wakingoja. Mama alimvuta Chiriku karibu.

"Unajua, kusema 'bado' si aibu," alimwambia. "Ukisema bado, mtu anajua pa kukusaidia. Ukisema tayari na si kweli, kuna mwingine atakayeubeba mzigo wako. Mara ile aliubeba Waziri, na baba yako begani."

"Na kabla ya hapo aliubeba wa kwangu," alisema baba. "Mimi nilimdanganya kwa miaka, nikamwita mkorofi. Kazi ya kweli ni ile inayofanyika hata kama hakuna anayekuona, mwanangu. Umeifanya."

Jua lilipoinama, Waziri alitikisa kichwa, akafumbua macho vizuri, akapiga hatua. Daktari alikubali kwa kichwa. Baba akaweka fungu dogo la majani laini chini, akarudi nyuma. Waziri aliyanusa. Akachukua kidogo, akasita, mdomo umesimama, kama anayengoja maumivu. Kisha taya likasogea upande mmoja, likarudi, likasogea tena. Hakuna kilichoanguka chini.

Walisubiri Chiriku aanze kupayuka kama kawaida yake, lakini alisimama tu, viganja mashavuni.

"Mama, anatafuna," alisema.