Kidonge cha Jioni

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye bati la nyumba ya jirani, Chapuchapu alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachemsha maji ya chai, na ameshagombana na viatu vyake vya shule. Jina hilo alipewa na Bibi, kwa sababu hakuna kazi aliyoifanya polepole. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata kutembea kwake kulikuwa nusu mbio.

Mama alitoka alfajiri kwenda kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa dereva wa lori, na safari zake zilimla wiki nzima. Kwa hiyo kazi ya kumpa Bibi dawa yake ya moyo iliachwa mikononi mwa Chapuchapu. Kidonge kimoja asubuhi, baada ya chai, na maji glasi nzima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," Bibi alijibu, maana ndivyo walivyotaniana. "Mume wetu yuko wapi leo?"

"Amekwenda kutafuta mke wa tatu."

Bibi alicheka, akameza kidonge, akajifuta midomo kwa ncha ya khanga.

Mwezi uliopita Bibi hakuweza hata kucheka. Alilala tu, akihema kama mtu aliyepanda mlima. Tangu aanze vile vidonge, aliinuka, akakaa kwenye kiti, kisha akaanza kujikongoja mpaka barazani. Chapuchapu aliyaona hayo kwa macho yake, akayaweka moyoni.

Siku ya wazazi shuleni ilikuwa Ijumaa, na Chapuchapu alichaguliwa kughani shairi mbele ya watu wote. Bibi ndiye aliyemfundisha, ubeti kwa ubeti, mpaka likakaa. Lakini shule ilikuwa ng'ambo ya soko, na Bibi akifika barazani tu alikuwa hoi.

"Ningependa kuja, mjukuu wangu," alisema Jumapili jioni. "Lakini miguu na moyo havijapatana."

Usiku ule Chapuchapu alipiga hesabu zake. Kidonge kimoja kimemtoa Bibi kitandani mpaka barazani. Basi viwili vitamfikisha shuleni. Alizipitia tena hesabu hizo, na hakuona kosa.

Jumatatu jioni, Mama akiwa bado njiani kutoka kazini, aliingia chumbani kwa Bibi na kidonge kiganjani.

"Hiki cha nini? Si nimemeza asubuhi?"

Chapuchapu alisita kidogo tu. "Daktari amesema uongeze cha jioni, Bibi. Mama ameniambia."

"Haya. Mimi ni nani nibishane na daktari?" Bibi akameza.

Jumanne Bibi alifika mpaka getini, akasalimiana na fundi cherehani wa jirani. Chapuchapu alitamani kupiga kelele kwa furaha. Jioni akatoa kidonge kingine.

Jumatano mambo yakageuka. Bibi aliusukuma uji pembeni. "Chakula kinanitazama vibaya," alisema, na alipojaribu vijiko viwili, akavitapika. Mchana alilala, akaamka, akaitazama shuka yake kwa muda mrefu.

"Nani amemwaga bizari hapa?"

"Bizari gani, Bibi?"

"Shuka yote ya manjano. Na ukuta. Mmepaka rangi bila kuniambia?"

Chapuchapu aliutazama ukuta. Ulikuwa mweupe, kama jana na juzi. Aliichukua shuka akaisogeza karibu na macho yake. Nyeupe. Akadhani Bibi anatania, akasubiri acheke. Bibi hakucheka.

Alhamisi Bibi alimwita Mama kwa jina la dada yake Bibi aliyekwishafariki. Akauliza kama ng'ombe wamerudi, na nyumba ile haikuwahi kuwa na ng'ombe hata mmoja. Mama alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Sielewi," alisema. "Juzi alikuwa getini. Sielewi kabisa."

Fundi cherehani alisema ni uzee, na uzee una mambo yake. Baba, kwenye simu kutoka mbali, alisema labda ni malaria. Mama akapiga simu kliniki. Aliambiwa ampeleke Jumatatu, au mapema zaidi akizidiwa, kisha akaulizwa swali. Mama akamgeukia Chapuchapu. "Unampa dawa vizuri?"

"Ndiyo, Mama. Sijaruka hata siku moja."

Hilo lilikuwa kweli. Ila lilikuwa kweli kama nguo iliyokatwa nusu.

Chapuchapu alichanganyikiwa kuliko wote. Dawa ni kitu kizuri. Ameongeza kitu kizuri. Vipi basi Bibi anaharibika? Jioni ile na ya Ijumaa alitoa kidonge kama kawaida, kwa sababu aliogopa kwamba akiacha, hali itazidi kuwa mbaya. Na wazo jipya likaanza kumjia: pengine hata viwili havitoshi.

Shuleni, siku ya wazazi ilipita kama ndoto mbaya. Mama alibaki nyumbani kumwangalia Bibi. Chapuchapu alisimama mbele ya watu, akaanza vizuri, kisha ubeti wa tatu ukamtoroka. Alirudia wa pili, watu wakapiga makofi ya huruma, akaketi.

Jumamosi asubuhi Mama Mdogo alikuja. Yeye alikuwa mdogo wake Mama, na mtafiti katika maabara inayochunguza dawa na kemikali. Alikaa na Bibi kwa muda, akatoka macho mekundu.

"Mpe Mama nafasi apumzike," alimwambia Chapuchapu. "Twende, nina kazi ya saa moja tu maabara. Wanyama wangu hawajui kwamba leo ni mapumziko."

Chapuchapu alitegemea kuona sungura au panya. Alikuta chumba baridi chenye harufu ya spiriti, friji inayonguruma, na meza ndefu yenye glasi zilizopangwa mstari. Ndani ya glasi kulikuwa na maji, na ndani ya maji vitu vidogo kama punje za chumvi, vikirukaruka.

"Hawa ni viroboto wa maji," alisema Mama Mdogo huku akivaa koti jeupe. "Usiogope, hawaumi. Nimewapenda kwa sababu hawana siri. Tazama."

Aliweka mmoja chini ya hadubini. Chapuchapu akafumba jicho moja. Kiumbe kile kilikuwa angavu kama kioo, na mgongoni mwake kitu kidogo kilikuwa kikidunda bila kupumzika.

"Ni moyo?"

"Ni moyo. Sasa sikiliza. Glasi hii ya kwanza ina maji matupu. Hizi zinazofuata nimezitia dawa ya moyo, kila moja zaidi ya iliyotangulia. Nioneshe, wenye nguvu kuliko wote wako wapi?"

Chapuchapu hakufikiri hata kidogo. Aliinyooshea kidole glasi ya mwisho.

"Nenda kawaangalie."

Alikwenda. Kwenye glasi ya mwisho hakuna kilichoruka. Punje zote zilikuwa zimelala chini. Akarudi nyuma glasi moja: hapo walikuwa wakizunguka ovyo, wengine kichwa chini, kama watu waliopotea njia. Katikati ya mstari ndipo walipokuwa wakiruka kwa raha.

"Umekosea kuzipanga, Mama Mdogo."

"Nimezipanga mwenyewe, na nimezihakikisha."

"Basi hiyo ya mwisho ni dawa nyingine."

"Chupa ni hii hii moja. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kiasi tu."

Chapuchapu alizitazama glasi, akamtazama Mama Mdogo, akazitazama tena. "Sasa ni dawa au ni sumu?"

"Ndilo swali linaloniamsha kila siku," alisema Mama Mdogo. "Ukitia kidogo mno, huoni badiliko. Ukitia kiasi chake, moyo unapiga vizuri. Ukiongeza, unababaika. Ukiongeza tena, unasimama. Watu wanadhani dawa ni kama ngazi, kila ukipanda unakaribia afya. Sivyo. Kuna mahali pa kusimama, na kwa dawa nyingine mahali hapo ni pembamba kama uzi. Kazi yetu ni kupatafuta hapa, kwa viumbe hawa, kabla dawa haijafika kwa mtu."

"Na kama mtu ni mzee?" aliuliza Chapuchapu.

"Kwa mzee ni pembamba zaidi. Figo zake zimechoka, hazitoi dawa mwilini upesi. Ya jana haijatoka, ya leo inaingia. Inalundikana."

"Inaweza kumfanya... aone vitu vya manjano?"

Mama Mdogo aliyekuwa ameinama kwenye hadubini aliinua kichwa polepole.

"Umesema nini?"

Chapuchapu alitamani kukimbia, lakini miguu iliyozoea kukimbia ilikataa. "Nilimpa cha jioni," alisema mwishowe. "Nilimwambia daktari amesema. Hakusema. Nilitaka aje kunisikia nikighani."

Alitegemea kofi, au angalau kelele. Mama Mdogo hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa umepauka, maana bibi yake Chapuchapu ndiye mama yake mzazi. Alivua koti, likaanguka sakafuni, akaliacha hapohapo na kutoa simu. "Dada, usimpe Mama dawa yoyote. Mpeleke hospitali sasa hivi. Tunakuja."

Hospitalini, daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alimpima Bibi, akabandika nyaya kifuani mwake, akausoma mstari wa moyo uliokuwa ukiruka ovyo kwenye karatasi. Kisha akamgeukia Chapuchapu.

"Wewe ndiye uliyempa? Sikuulizi ili nikugombeze. Nakuuliza ili nijue pa kuanzia. Umempa mara ngapi?"

Mama alikuwa amesimama pale pale, akimtazama kama hamjui. Chapuchapu alisikia jibu dogo likija lenyewe ulimini: mara moja tu. Lingepita. Nani angejua?

Akamwangalia Bibi, aliyekuwa akinong'ona na watu wasiokuwepo.

"Kila jioni," alisema. "Tangu Jumatatu mpaka jana."

"Asante," alisema daktari, na ilisikika kweli kama asante. "Usingesema, ningeweza kudhani ni maradhi yenyewe yamezidi, na huenda ningefikiria kumwongezea dawa ileile."

Mama alikaa kwenye benchi ghafla.

Walimlaza Bibi, wakamsimamishia dawa, wakawa wanapima damu yake asubuhi na jioni. Daktari alikuna kichwa. "Nafurahi, lakini sielewi," alimwambia Mama Mdogo. "Kwa vidonge vyote hivyo, nilitegemea damu ionyeshe dawa nyingi zaidi ya hii."

Siku zile Mama alizungumza na Chapuchapu kwa maneno machache: kula, oga, lala. Zilikuwa nzito kuliko matusi. Siku ya nne Bibi alifumbua macho, akautazama ukuta wa wodi, akasema, "Mbona hospitali hii imepauka hivi? Hawana rangi?" Mama akaangua kilio, akamvuta Chapuchapu na kumkumbatia kwa nguvu mpaka akakosa pumzi.

Bibi aliporudi nyumbani, kopo la dawa lilihamia juu ya kabati, na Mama ndiye aliyelishika. Chapuchapu hakuthubutu hata kulitazama. Jioni moja, Mama na Mama Mdogo wakiwa wanamenya viazi barazani, Bibi alimwita.

"Mke mwenzangu, unanikimbia?"

"Nakuonea haya, Bibi."

"Kaa hapa." Bibi akapapasa mkeka. "Najua ulinipenda. Lakini ulinipa maneno ya daktari, na kinywa kilikuwa chako. Mimi nikayameza pamoja na kidonge. Dawa ina kiasi chake, mwanangu. Kikipungua hakifai, kikizidi kinaua, na hakijulikani kwa kukisia. Usipojua, unauliza anayejua. Ukikosea, unasema, tena mapema. Dawa tunaipima, lakini ukweli haupimwi. Ukweli unatolewa wote."

"Nimesikia, Bibi."

Bibi akatazama viazi, akatazama kucha zake, akakohoa kikohozi kisicho na kazi.

"Sasa," alisema, "kwa kuwa tumefika hapo. Vile vidonge vya Alhamisi na Ijumaa jioni."

Kisu cha Mama kikasimama katikati ya kiazi.

"Tumbo lilikuwa linanichafuka. Nilikiweka kila kimoja chini ya ulimi, na mtoto alipotoka nikakitema. Nadhani nilivichomeka ndani ya godoro. Sikutaka kumvunja moyo, na nyinyi sikutaka mnigombeze."

Mama Mdogo aliingia ndani, akarudi na vidonge viwili vilivyogandwa na nyuzi za godoro. Alivigeuza kiganjani mwake. "Daktari amekuna kichwa wiki nzima," alisema. "Mama! Mbona hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

Chapuchapu alijizuia, akashindwa. "Bibi, si umesema unatolewa wote?"

Mama aliinamisha uso kwenye beseni la viazi, mabega yakitikisika kwa kicheko. Bibi alimtazama mjukuu wake kwa ukali ambao haukudumu, kisha akanyoosha mkono kwa binti yake mdogo.

"Haya, nipeni simu," alisema. "Nimwambie daktari mwenyewe."